Siku Paka Alipojifungia Bafuni

Walimwita Paka tangu enzi zile alipokuwa fundi wa mapaa, kwa jinsi alivyotembea juu ya kenchi, zile mbao zinazobeba bati, bila kushika kitu. Siku alipoteleza kwenye paa la ghala na kutua kwa shingo, wenzake walikwenda hospitali, wakajikaza, wakamtania kwamba paka gani huyu asiyejua kuangukia miguu. Alicheka nao. Walipoondoka aligeuza uso ukutani.

Mabega yalirudi. Viwiko vilikunjika, vifundo vya mikono viliinuka. Vidole viligoma moja kwa moja, na kuanzia kifuani kwenda chini mwili ulikuwa wake kwa jina tu. Polepole alijifunza kula kwa kijiko kilichofungwa kiganjani, kuendesha kiti chake kwa kusukuma magurudumu na viganja, kupiga simu kwa ncha ya kidole gumba. Mafundi waliendelea kumletea michoro awapigie hesabu za mbao. Jambo moja tu halikutoka mikononi mwa mkewe: haja kubwa. Kila baada ya siku moja, asubuhi, mke alivaa glavu, akamwekea dawa, akausaidia utumbo kushusha, akamsafisha. Hakuwahi kulalamika, na hilo ndilo lililomkera Paka zaidi. Kuna asubuhi alimtazama akinawa mikono akahisi kwamba wao si mke na mume tena, ni muuguzi na mgonjwa waliopanga nyumba moja.

Ndipo akaanza kujifunza. Daktari wa mazoezi, mwanamke mwenye sauti ya ukali na mikono ya upole, alimpa vifaa viwili vya kufunga kiganjani kwa mkanda wa kunata: kimoja cha kushikia kidonge cha kuweka nyuma na kukiachia kikishaingia, kingine cha plastiki laini, kirefu kama kidole, cha kuuamsha utumbo. Paka mwenyewe alimchorea fundi seremala kiti cha choo chenye magurudumu, kikiwa na upenyo pembeni wa kupitishia mkono, na akaagiza kioo kipachikwe chini ukutani. Alijaribu mara kadhaa, mke akiwa amesimama kando. Kila mara kuna kitu kiliharibika, na kila mara mke alimalizia.

Kisha mke akaugua tumbo ghafla, akapasuliwa. Daktari alimwambia asahau kuinua kitu kizito kwa wiki kadhaa. Aliyekuja kushika nyumba ni mama yake mzazi, mama mkwe wa Paka, mwanamke mnene, mwenye heshima zake, ambaye mpaka siku hizo akimpa mkwewe kikombe cha chai alitazama pembeni.

Siku ya choo ilifika ikapita. Kaka yake Paka, dereva wa lori, ambaye angeweza kusaidia, alikuwa safarini na simu yake haipatikani. Siku nyingine ikapita. Tumbo lilijaa likawa gumu kama ngoma. Jioni ile mama mkwe alizunguka sana kwa maneno kabla ya kufika alikokuwa anakwenda.

"Mwanangu," alisema akikunja nguo ambazo zilikwisha kunjwa, "mimi nimelea watoto wengi. Nimemuuguza baba mkwe wako mpaka siku yake ya mwisho. Hakuna kitu cha mwanadamu ambacho sijakiona."

"Najua, Mama."

"Basi ukitaka..."

"Hapana, Mama. Nakushukuru. Hilo hapana."

Akaziweka nguo kando. Hata yeye alionekana kupata ahueni.

Paka alipompigia mkewe hospitalini, sauti ya mke ilikuwa dhaifu lakini amri zake zilikuwa zilezile. "Usijaribu peke yako. Msubiri kaka yako."

"Nikisubiri utumbo utajaa zaidi. Unajua daktari wa mazoezi alisema nini."

Wote wawili walijua. Mwili wa mtu aliyevunjika shingo, kitu kikiubana huko chini asikokuhisi, hupandisha presha ghafla. Ishara yake ni kichwa kugonga. "Hicho si kichwa cha kumeza dawa ukalale," daktari alikuwa amewaambia. "Ni kengele ya moto. Ukiisikia acha kila unachofanya, kaa wima, legeza kila kinachobana, tafuta kilichobana. Usione haya kuita mtu. Mshipa ukipasuka kichwani, haya zako hazitakusaidia."

Asubuhi, baada ya chai, Paka aliteleza kwenye ubao kutoka kitandani hadi kwenye kile kiti. Mama mkwe alikishikilia kiti kisisogee, uso wake ukiwa umeelekea dirishani. Mpira wa mkojo ulipita chini ya paja ukaingia kwenye mfuko uliofungwa mguuni. Alijisukuma hadi bafuni, akaufunga mlango kwa kiwiko.

"Mama, usifungue mpaka niite."

"Nipo hapa hapa," sauti ilijibu, na akasikia kigoda kikiburutwa.

Glavu ilivaliwa kwa meno. Hilo peke yake lilimtoa jasho. Alifunga kifaa cha kwanza kiganjani, akavuta mkanda kwa meno, akararua karatasi ya kidonge kwa meno vilevile. Alipoinua kifundo cha mkono, vidole vyake vilijikunja vyenyewe kama kawaida yake, na kwa mkunjo huo akakiegemeza kidonge kwenye mdomo wa kifaa. Kikakaa. Alipousogeza mkono kwenye upenyo wa kiti, kikaanguka, kikaviringika mpaka kwenye tundu la maji.

Kilibaki kimoja tu kwenye boksi.

Alikaa akikitazama bila kukigusa. Nje mama mkwe alikohoa, kikohozi cha mtu anayetaka kuuliza jambo na amejizuia. Paka alifuta jasho kwa bega, akaanza upya. Safari hii hakukimbiza mkono. Alijiegemeza upande, akakitazama kioo, akausogeza mkono kama mtu anayepitisha msumari mahali pasipoonekana, kazi ambayo huko nyuma aliifanya kila siku. Hakuhisi kitu chochote. Kioo ndicho kilichomwambia kwamba kidonge kimeingia, na kwamba kifaa kimetoka kitupu.

Alishusha pumzi, akasubiri dawa ifanye kazi. Kisha akabadilisha kifaa, akapaka jeli, akaanza kuuamsha utumbo kwa kuzungusha taratibu, kama alivyofundishwa. Akapumzika. Akazungusha tena.

Mwanzoni alidhani ni uchovu. Kisogo kilikuwa kizito. Halafu pua ikaziba, vinyweleo vya mikononi vikasimama ingawa bafu lilikuwa na joto, na kichwa kikaanza kugonga, pigo moja moja, kama nyundo kwenye bati.

Aliutoa mkono mara moja. Akakaa wima. Kwa kiwiko akausukuma mkanda wa kiti uliomshika mapajani mpaka ukaachia. Akasubiri kichwa kipoe. Hakikupoa. Jasho lilimtiririka usoni na shingoni, na taa ya bafu ikaanza kumchoma macho.

Tafuta kilichobana. Alizungusha macho kwenye kioo: miguu, nyayo, mfuko wa mkojo. Mfuko ulikuwa mkavu. Alikuwa amekunywa vikombe viwili vya chai na maji juu yake, na mfuko ulikuwa mkavu. Akaufuata mpira kwa macho kutoka chini kwenda juu, akauona ulipoishia: umebanwa kati ya paja lake na ukingo wa kiti, umekunjika bapa.

Alipeleka mkono. Kifundo kilinasa mpira, kikateleza kwa sababu ya jeli. Akanasa tena, ukateleza tena. Kuinua paja ilibidi ainame mbele, na akiinama mbele bila mkanda ataanguka kifudifudi kwenye sakafu. Nyundo ilikuwa sasa imehamia nyuma ya macho.

Mlango ulikuwa hatua chache tu. Nyuma yake alikaa mwanamke ambaye hata shati lake Paka likifunguka kifungo huondoka sebuleni. Akajiona jinsi alivyo: uchi kuanzia kiunoni, kidole cha plastiki kiganjani, harufu hewani. Akafikiri, pengine kichwa kitatulia chenyewe. Kisha akajiona amekufa hapohapo kwenye kiti, na mama mkwe huyohuyo akifungua mlango na kumkuta katika hali ileile, tofauti ikiwa tu kwamba hataweza kumwambia samahani.

"Mama."

"Bee."

"Ingia. Haraka."

Kitasa kilizunguka nusu kikasimama. "Nifumbe macho?"

"Usifumbe, utakanyaga ndoo."

Aliingia na taulo mkononi kabla hajaambiwa, akalitandika mapajani mwa mkwewe kwa mkupuo mmoja, na hapo ndipo alipomtazama usoni. Alichokiona kikamfanya apige magoti sakafuni bila kuuliza.

"Niambie."

"Mpira wa mkojo. Chini ya paja la kushoto. Umebanwa. Niinue paja, uuvute nje. Taratibu, usiukate."

Mikono yake ilikuwa na nguvu. Paja likainuka, mpira ukachomoka, na wote wawili wakausikia mkojo ukikimbilia kwenye mfuko. Mama mkwe aliukodolea macho mfuko ule ukijaa kama mtu anayetazama maji yakirudi bombani baada ya mgao. Paka alifumba macho akahesabu mapigo ya nyundo. Yalipungua nguvu. Yakaachana. Yakawa maumivu ya kawaida, kisha kumbukumbu ya maumivu.

"Rangi inarudi," mama mkwe alisema. Aligeuza ndoo akaikalia, akajifuta uso kwa ncha ya taulo lilelile.

"Tumwite daktari?" akauliza.

"Kichwa kikianza tena, ndiyo. Mara moja. Sasa kimetulia."

"Na hii kazi yenyewe? Nikumalizie?"

Alikuwa anamtazama machoni, wala si pembeni. Paka akaona kwamba angemalizia kweli, na wasingelizungumza tena maisha yao yote.

"Nifungie mkanda tu, Mama. Nitamaliza mwenyewe."

Akaufunga. Akautazama mpira mara ya pili, akaulaza vizuri juu ya paja, akatoka, akauvuta mlango nyuma yake mpaka ukalia.

Ilichukua muda mrefu. Alizungusha taratibu mno, akisikiliza kichwa chake kama mlinzi anayesikiliza ua. Utumbo ulisita, ukaanza, ukasita tena. Tumbo likalegea. Aliangalia kwenye kioo kama pamebaki kitu, akazungusha tena kuhakikisha, kisha akaingiza kiganja kwenye kitanzi cha bomba la kuogea, akajiosha. Alichafua ukuta kidogo. Akauosha nao. Alipoufungua mlango kwa kiwiko, mikono ilikuwa imekufa kwa uchovu mpaka mabegani, na mama mkwe alikuwa bado kwenye kigoda chake.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi kesho kutwa tena," alisema akinyanyuka. "Ila huo mpira nitaukagua kabla hujafunga mlango. Ukikataa hufungi."

"Sawa, Mama."

Mchana alimpigia mkewe. Alimweleza yote, hata kidonge kilichoanguka, hata ndoo.

"Kwa hiyo kwa hilo hunihitaji tena," mke alisema.

Paka hakuwa na uhakika kama ni swali au lawama. "Kwa hilo, hapana," alijibu. "Nataka ukirudi uwe mke wangu tu."

Akamsikia akivuta pumzi, kisha sauti kama ya kilio, kisha akatambua kwamba anacheka.

"Mama kweli aliuliza afumbe macho?"

"Kweli."

"Acha basi," alisema, akiguna na kucheka kwa pamoja. "Acha, mshono unanivuta."