Mafuta ya Pamba Kwenye Diski

Mimi na Mzee Bujiku tuligombana mwezi mzima kwa sababu ya breki za baiskeli ambayo haikuwa yangu wala yake.

Ilikuwa ya Rhoda. Rhoda ni binti wa Nkome, kando ya ziwa, anaogelea kama sato, na alikuwa anajiandaa na mashindano ya Geita, yale ya michezo mitatu kwa mpigo: unaogelea, unapanda baiskeli, unamalizia kwa miguu. Bosi wetu Sufiani, mwenye duka la vipuri hapa Kahama, alimpenda kwa bidii zake, akasema atamsimamia na baiskeli atampa. Mzungu mmoja aliyekuwa anafanya kazi mgodini aliondoka akamwachia Sufiani baiskeli mbili za kukata upepo, yake na ya mke wake. Zile ambazo unalalia usukani viwiko vikiwa mbele, na bomba zake ni bapa kama panga. Zinafanana kila kitu isipokuwa breki. Moja ina breki za rimu, raba mbili zinabana rimu kama tulivyozoea. Nyingine ina diski, kama pikipiki.

Tuchague ipi? Hapo ndipo vita vilipoanza, barazani kwa Sufiani, mimi benchi la kulia, Bujiku benchi la kushoto.

"Rimu," Bujiku alisema. Ana miaka hamsini na kitu, amezitengeneza baiskeli za Wasukuma tangu zile za kubebea magunia ya pamba. "Raba ikiisha nanunua hapo ng'ambo ya barabara. Hiyo sahani yako ikipinda, utainyoosha na nini? Kwa meno?"

"Mzee, hizi breki za rimu za baiskeli hii zimefichwa huku chini ya pedeli. Matope yote yanaishia humo. Na rimu yenyewe siyo chuma, ikipata moto inalainika. Diski haijali mvua wala vumbi."

"Upepo je? Si mnasema baiskeli ya upepo? Sahani mbili zinaning'inia pale, upepo haugongi?"

"Unagonga kidogo sana."

"Kidogo kiasi gani?"

Sikujua. Ningekuwa nimebaki chuo labda ningejua. Niliacha uhandisi mwaka wa tatu, sababu ndefu, ila nikarudi Kahama na maneno mengi kuliko ufundi, na watu wakaniita Injinia Nusu. Mimi nikalifurahia hilo jina. Nilikuwa mtu wa vichekesho. Niliwahi kumfungia Sufiani kengele ya baiskeli chini ya kiti cha ofisini, akikaa inalia. Mjini hapa hawakuniamini hata nikisema saa ngapi, na mimi niliona hiyo ndiyo sifa.

"Mpanda baiskeli mwenyewe anasemaje?" Sufiani akauliza siku moja, amechoka na kelele zetu.

Rhoda alikuwa amezijaribu zote. "Ya diski inashika hata nikigusa kwa kidole kimoja. Naitaka hiyo."

Nikaruka juu. Nikamchezea Mzee Bujiku singeli pale pale barazani, namzunguka. Baba yangu ni Mzaramo, Bujiku ni Msukuma, sisi ni watani, kwa hiyo niliweza kumwambia lolote. "Ng'ombe wamekufundisha nini kuhusu breki, mzee? Ng'ombe hana breki!"

"Mzaramo naye anajua nini, zaidi ya kucheza ngoma kwenye msiba wa jirani?" akajibu, watu wakacheka. Tulikuwa sawa. Mpaka hapo tulikuwa sawa kabisa.

Jumatatu iliyofuata, wiki ya mwisho kabla ya mashindano, Sufiani alikwenda msikitini adhuhuri na Rhoda alikuwa anakimbia mazoezi. Tulibaki wawili. Bujiku akaacha benchi lake akaja kukaa kwangu. Hakuwahi kufanya hivyo. Alikuwa anaifuta mikono kwa tambara muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji.

"Ayubu," akasema. Siyo Injinia Nusu, siyo we Mzaramo. Ayubu. "Jumatano naenda na Sufiani na huyu mtoto Geita, kujaribu njia ya mashindano. Mimi ndiye nitakayekuwa naye. Hizi diski, zinatunzwaje? Zinapakwa kitu?"

Ninyi mnaojua baiskeli mmeshaona. Diski haiguswi na mafuta. Hata jasho la kidole halifai. Ila huku kwetu baiskeli ikienda kwenye shughuli, iwe harusi, iwe ngoma, iwe mbio, lazima ipakwe mafuta ing'ae kuanzia usukani mpaka spoku. Kuipeleka kavu mbele ya watu ni kumwaibisha mwenye nayo. Bujiku amefanya hivyo miaka thelathini. Kwa hiyo swali lake lilikuwa la fundi anayejua kazi yake, isipokuwa sehemu moja.

Nami nikalichukua kama mpira uliodondokea mguuni golini.

"Mafuta ya pamba, mzee," nikamwambia, uso mkavu. "Kidogo tu, kila asubuhi kabla hajapanda. Pande zote mbili. Chuma kinasuguliwa bila mafuta, si kitaungua?"

Alifikiri. Akaitikia kwa kichwa. "Kweli, kitaungua." Akanishika bega, akashukuru kwa Kisukuma. "Wabeja, baba."

Nilipanga nimwache mpaka jioni, akianza kutafuta mafuta nimcheke, nimwambie, tucheke wote. Ndivyo nilivyofanya siku zote. Ila saa tisa rafiki yangu wa Maganzo akapiga simu, kuna jiwe la almasi limeonekana, njoo ulitazame kabla madalali hawajajazana. Nikapanda basi. Jiwe lilikuwa kipande cha chupa. Nikalala huko siku tatu, nacheza pool, na kama Bujiku alinijia kichwani, basi nilijiambia: yule mbishi, tangu lini ameshika neno langu?

Alhamisi mchana nikarudi. Barazani watu wamesimama duara.

Rhoda alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa shingoni, shavu limechubuka. Mtulinga umevunjika. Mashindano yalikuwa Jumapili. Kwenye ule mteremko wa kuingia Geita kundi la ng'ombe lilikuwa linavuka barabara, akabana breki, zikapiga kelele tu, baiskeli haikupunguza kitu. Alichagua mtaro badala ya ng'ombe. Bujiku ndiye aliyeshuka mtaroni kumbeba mpaka kwenye pikapu.

Sufiani alikuwa amepiga magoti mbele ya gurudumu. Akapitisha kidole kwenye diski, akanusa.

"Mafuta?"

"Mafuta ya pamba," Bujiku akasema.

"Nani kapaka?"

"Mimi."

"Kwenye breki, Bujiku? Kwenye breki? Nani alikuambia?"

Bujiku akanitazama. Hakunikazia macho, hapana. Alinitazama kama mtu anayekusogezea kiti ukae. Alikuwa ananipa nafasi.

Mimi nikacheka.

Sijui kilitokea wapi kile kicheko. Kidogo tu, cha puani, cha mtu aliyezoea kucheka. Kila mtu akakisikia. Sufiani akadhani namcheka mzee. Rhoda akanigeukia na shavu lake lile.

Bujiku akarudisha macho chini. "Nilijiambia mwenyewe," akasema.

"Basi kesho usije," Sufiani akasema. "Wala Jumatatu. Chukua vyombo vyako."

Akavikusanya. Spana, pampu, sanduku la spoku, beseni la kutafutia pancha. Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwake na mdomo wangu, huu unaosema kila kitu, haukusema. Alipita mbele yangu ameshika beseni kwa mikono miwili ili maji yasimwagike, kana kwamba bado kuna kazi nyingine ya kwenda kufanya.

Siku tatu sikula vizuri. Nilijipa sababu zote. Kwamba ni utani wa kabila. Kwamba fundi mzima angeuliza na mwingine. Kwamba yeye mwenyewe amekubali kosa. Sababu hizi zilikuwa nzuri mpaka nikikumbuka jinsi alivyoifuta ile mikono kabla ya kuniuliza. Mtani unamtania akiwa amesimama kukutania na yeye. Huyu alikuwa amekaa, anataka kujifunza.

Jumapili, saa ambayo Rhoda angekuwa majini, nikaenda kwa Sufiani. Rhoda naye alikuwepo, anakunywa uji kwa mkono mmoja.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyemwambia Bujiku apake mafuta. Nilikuwa namtania."

Sufiani akatabasamu. Nakwambia, akatabasamu. "Ayubu. Sikujua una moyo hivi."

"Bosi, ni kweli."

"Unataka kumwokoa mzee. Nimekuelewa. Ila usibebe dhambi ya mtu. Mwenyewe amesema alijiambia."

"Amesema hivyo kwa ajili yangu!"

"Haya, haya." Akanipiga mgongoni. "Kila siku vichekesho, kumbe ndani kuna mtu."

Nikaapa. Akacheka zaidi, maana mimi nilishaapa hata kuwa kuna mamba amepanda basi la Mwanza. Jioni ile habari ikaenea kwamba Injinia Nusu amejaribu kumkingia mzee kifua. Mama mmoja wa maandazi akanipa mawili ya bure. Nikayashika mkononi yakapoa.

Rhoda peke yake hakutabasamu. Aliweka kikombe chini akaniuliza, "Ulimwambia apake mara ngapi kwa siku?"

"Kila asubuhi. Pande zote mbili."

"Ndivyo alivyopaka," akasema. Akainuka akaondoka.

Nilikwenda nyumbani kwa Bujiku. Mkewe, Mama Suzana, akaniletea kiti na maji, ananiuliza habari za Maganzo. Nikamwamkia mzee, akaitika marahaba kama kawaida. Nikamwambia nimesema, hawaniamini, twende wote ukathibitishe.

"Siendi," akasema.

"Kwa nini, mzee?"

"Sasa hivi mimi ni fundi aliyekosea. Fundi hukosea. Nikienda na wewe nitakuwa babu aliyechezewa na mtoto, watanicheka mpaka mnadani. Bora nikosee." Akanywa maji yake. "Ulipocheka pale, nilijua ulikuwa umenichezea."

Nikamwomba msamaha. Akamwita Mama Suzana aje kuchukua kikombe.

Baada ya wiki nilisikia amepata kibaraza kwenye mashine ya kukoboa mpunga, upande wa stendi. Halafu Rhoda akaipeleka baiskeli kule. Alimwambia Sufiani kwamba ni yake, atatengenezewa na anayemtaka, na msimu ujao ataipanda ileile yenye diski. Siku hiyohiyo Suzana, binti wa Bujiku, akaja barazani kwetu amevaa sare ya shule. "Baba anakuita. Anasema njoo na kalamu."

Nilikuta baiskeli imegeuzwa magurudumu juu. Rhoda ameketi kwenye gunia la pumba, mkono bado kitambaani. Bujiku akanionyesha mahali pa kukaa, chini.

"Sema hizi breki zinatunzwaje. Pole pole."

"Diski hazipakwi kitu chochote," nikasema.

"Hiyo kweli?"

"Kweli, mzee."

"Andika."

Nikaandika kwenye kipande cha boksi. Diski isafishwe kwa spiriti na kitambaa kisafi. Hiyo kweli? Kweli. Andika. Pedi zinazobana diski zikinyonya mafuta zitupwe, zisisafishwe, ziwekwe mpya zilizo kwenye boksi aliloliacha mzungu. Hiyo kweli? Kweli. Usibane breki gurudumu likiwa limetolewa. Hiyo kweli? Kila alipouliza hakuwa ananikomoa, sauti yake ilikuwa ya mtu anayepima unga. Mara ya tano au ya sita machozi yalinikaribia, nikainamia boksi.

Nilipomaliza alilichukua, akalitazama juu mpaka chini. Hakuliweka mfukoni. Akampa Rhoda.

"Muulize na mwingine, mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma.

Rhoda akatoa simu, akampigia fundi mmoja wa Mwanza ambaye mzungu alikuwa anampelekea baiskeli zake. Akaweka spika. Akasoma mstari wa kwanza, akangoja. Akasoma wa pili. Mimi nilikuwa nimeshika gurudumu kwa kingo lisizunguke, kwa sababu Bujiku aliniambia nilishike, na mashine ya mpunga ilikuwa imezimwa, kwa hiyo wapakiaji wote walisikia maneno yangu yakikaguliwa moja moja na mtu asiyenijua.

"Yote ni sawa," fundi wa Mwanza akasema mwishoni. "Nani aliandika?"

Rhoda akamtazama Bujiku. Bujiku alikuwa tayari anafungua skrubu ya pedi.

"Kuna mtu hapa," Rhoda akasema, akakata simu.

"Shika vizuri," Bujiku akaniambia. "Linacheza."