Mshale wa Nne wa Kimeu

Usingizi wa jana ulinikuta nimechoka, ukanirudisha jikoni kwangu, na humo nikaota kwamba miti ya mishale imegoma.

Ilikuwa miti mitatu ya mume wangu, Kimeu. Huichonga mwenyewe, huinyoosha kwa moto, kisha hunikabidhi niipige msasa na kuipaka rangi: pete mbili nyekundu, na nyeupe moja katikati. Hiyo ndiyo alama yake. Kila Jumapili baada ya ibada, wazee sita hulenga shina la mgomba kwa pamoja, mishale mitatu kila mmoja, kisha huenda kusoma rangi. Haulizwi mtu nani kapiga. Alama ndiyo mwenyewe. Na mzee ambaye alama yake haikuonekana kwenye mgomba Jumapili tatu mfululizo huweka upinde chini, akakae na watazamaji.

Macho ya Kimeu yameingia ukungu tangu mavuno. Hata hivyo alama yake haijakosekana kwenye mgomba, nami nimekuwa nikimshukuru Mungu bila kumuuliza maswali.

Sasa, katika ndoto, nimeshika brashi. Pete nzuri hupakwa hivi: brashi itulie, mti uzunguke. Nimefanya hivyo miaka arobaini na mmoja. Mti wa kwanza unakohoa.

"Mama, leo sizunguki. Tumbo linanichafuka."

Ninauambia kwamba lazima kitu fulani kizunguke.

"Basi izunguke nyumba."

Nyumba ikazunguka. Dirishani walipita kuku, kikapita choo, akapita ng'ombe wa jirani, ambaye alinisalimu kwa adabu kila mara. Mimi nilishika brashi bila kutikisika, maana kazi ni kazi. Nyumba iliposimama, pete zote zilikuwa zimetimia, na mlango wa jikoni ulifungukia uwanja wa mashindano.

Shina la mgomba limeketi kwenye kiti cha chifu, limevaa miwani. Mwili wote umechomwa mishale, nalo halilalamiki. Linaisoma mmoja mmoja, kama mtu anayesoma barua za nduguze.

"Kimeu," linasema. "Mitatu imelala kwenye nyasi, na mmoja umesimama kwangu. Kila mzee ana mitatu. Mkewe aje."

Kimeu yuko kando, amevua kofia, anatabasamu kuelekea upande usio na mtu. Kiti cha watazamaji kimeshaletwa, na kiti chenyewe kinampigia mluzi, kama mtu anayeita mbuzi. Ndunda, rika lake na mpinzani wake tangu ujana, anapaza sauti kwamba mzee huyu siku hizi humwamkia mbuzi akidhani ni mchungaji wa kanisa. Watu wanacheka. Ndunda mwenyewe hacheki. Anatazama viatu vyake.

Ninausogelea mshale uliosimama kwenye mgomba. Nyekundu, nyeupe, nyekundu. Lakini pete hazikukutana. Mwisho wa kila moja umepanda juu ya mwanzo wake, kama mkanda uliofungwa gizani. Aliyepaka alizungusha brashi, mti akauacha umelala. Mshale unaona haya, umejifunika jani.

"Ni nani aliyekupaka?" ninaunong'oneza.

"Niliapa nisimtaje, mama. Lakini alipaka akiwa ametoa ulimi nje, akakosea mara mbili, akaanza upya. Jumapili hupiga wake miwili tu. Wa tatu ni mimi."

Shina likauliza kwa sauti mshale ule umepakwa na nani. Mimi ni mtu wa kanisa. Nikadanganya. Nikasema nilipaka mimi, siku ambayo vidole vilikuwa vinaniuma kwa baridi.

"Na huu wa nne kwenye hesabu?"

"Mmoja wa pale nyasini ni mwiko wangu wa ugali," nikasema. "Nimeutafuta wiki nzima."

Mshale mmoja nyasini, kwa heshima, ukageuka mwiko.

Shina likavua miwani. Likataka nipake pete pale pale, watu wote wakiona. Nikapewa mti mtupu. Ukanitazama kwa huzuni, ukaniomba nisiufanyie hivyo mbele za watu. Nikauambia uvumilie. Nikaulaza chini, nikazungusha brashi.

Ilitoka pete mbovu kiasi kwamba mbuzi aliyetoa manyoya ya ile brashi alilia kutoka ndani ya matumbo ya wote waliomla.

"Mkono ni ule ule," shina likasema. "Kimeu abaki."

Kiti kikaondoka kwa miguu yake minne, kimenuna.

Nikaamka, kumekucha. Uani, Kimeu alikuwa tayari anabishana na Ndunda, aliyepitia kunywa chai kama ilivyo desturi yake. Nikawapelekea viazi vitamu.

"Huyu amekwisha," Kimeu akaniambia, akielekeza kidole hatua mbili kando ya pale alipoketi Ndunda. "Miaka yote wa kwanza, na siku hizi ni wa mwisho. Haniwezi tena."

"Ni uzee, ndugu yangu," Ndunda akasema. "Umenishinda."

Akanyoosha mkono apokee sahani. Chini ya ukucha wa kidole gumba kulikuwa na rangi nyekundu, na juu yake nyeupe kidogo, haijakauka vizuri.

Nikachagua kiazi kikubwa kuliko vyote, nikamwekea. Kimeu, ambaye haoni mgomba lakini kiazi hakimpiti, akauliza kwa nini kile kinakwenda kwa mgeni.

"Ameshindwa," nikamwambia. "Apewe cha kumfariji."

Kimeu akakubali kwamba hiyo ni haki. Ndunda akainama, akala taratibu, kidole gumba amekikunja ndani ya kiganja.