Maua Mawili ya Mpaka

Vumbi la Kabazi halichagui shamba. Lilipaa barabarani, likavuka ua wa Waithera, likatua kwenye mahindi ya Muiruri, likainuka tena, kama mgeni aliyesahau alikoalikwa.

Katikati ya vumbi alisimama mzee Gachanja, na wazee wa ardhi wamemzunguka. Shamba la mzungu lilipogawanywa, yeye na wenzake walipanda itoka, ua la mpakani, hapa kati ya boma hizi mbili. Waliopanda walikuwa wengi. Aliyebaki hai ni yeye.

"Guka, babu yetu, tuonyeshe mpaka tu, twende tukanywe chai," Muiruri akasema. "Wewe hata mvua ya mwaka uliozaliwa unaikumbuka!"

Watu wakacheka. Gachanja hakucheka. Sifa ile ilimkaba kama kola ya shati la kuazima. Maisha yake yote alisema mara moja, akaaminiwa mara moja. Sasa neno lake lilikuwa nyumba, yeye akiwa ndani, na mlango umefungwa kwa nje.

Maana itoka ilikuwa imechanua mahali pawili: mstari mmoja upande wa juu wa kaburi la mume wa Waithera, mstari mwingine upande wa chini. Fuko walikuwa wamepita chini ya udongo humo, msimu baada ya msimu, wakiburuta vitunguu vya maua gizani, wakiviacha walikotaka.

"Sema, mzee," Waithera akasema polepole. "Ukisema mpaka ni huo wa juu, kaburi liko kwa Muiruri, nami nitamfukua mume wangu. Lakini useme wewe."

Gachanja akainama. Akagusa majani ya juu, mikono ikasema: ni hapa. Akagusa ya chini, mikono ikasema: ni hapa. Enyi mikono, mlichimba nyinyi wenyewe. Mbona mnawatolea ushahidi wote wawili?

Ukweli ulikuwa chini ya miguu yake, karibu kuliko viatu, na hakuweza kuufikia.

"Nilipanda," akasema. "Hilo najua. Nilipanda wapi, sijui."

"Guka! Wewe, usijue?" Muiruri akauliza.

"Mimi."

Neno lilimtoka kama jino.

Basi wazee wakaamua kila mtu alime alipokuwa akilima, na kaburi libaki. Muiruri akaondoka bila kuaga. Waithera akaketi chini, akalia.

Gachanja akabaki pale pale. Vumbi likatua juu ya kaburi, juu ya maua ya juu na ya chini, juu ya kofia yake. Hakulipangusa.