Muhuri wa Serikali ya Nne

Mchonga mihuri alikuwa amezihudumia serikali tatu, na zote alizizika kwa nyundo. Muhuri wa mfalme aliuponda, wa chama kimoja akauponda. Asubuhi hiyo redio ilipotangaza kwamba wanajeshi wameng'atuka, wao nao wakamrudishia muhuri wao, akaubana kwenye jiliwa na kuupondaponda hata kabla ya chai. Ndivyo alivyofundishwa na mwalimu wake wa ufundi: nchi haikai na mihuri miwili.

Msomi mmoja redioni alikuwa akieleza kwamba dola hukua kwa hatua, kama mtoto. Hutambaa, husimama, kisha hutembea.

"Mtoto gani huyu," fundi akanung'unika, "kila akisimama anakanyaga watu?"

Shemeji yake akaingia akihema. Mumewe, mdogo wake fundi, alikuwa gerezani mwaka wa pili kwa kuwacheka wanajeshi hadharani.

"Shemeji, karatasi ya kumwachia imesainiwa. Karani anasema imebaki kugongwa muhuri tu, hata wa zamani unafaa mpaka mpya upatikane. Kasema uurudishe sasa hivi."

Fundi akatazama vipande vya shaba sakafuni.

"Nipe siku tatu nichonge mpya."

"Siku tatu? Anakohoa damu, shemeji."

Alichonga huku akijilaani. Mkono uliozoea kuibembeleza shaba sasa ulikuwa unaiparamia. Siku ya pili patasi ikateleza, ikala ukingo, ikabidi aanze upya. Haraka haina baraka, wanasema, lakini hata taratibu wiki hiyo haikuwa na baraka yoyote.

Siku ya tano aliupeleka mwenyewe. Karani akavuta faili la gereza na kuugonga kwenye karatasi ya juu. Mistari ikatoka safi. Fundi hakuwahi kufanya kazi nzuri kuliko hiyo. Akainama kuitazama vizuri, ndipo akasoma jina. Ilikuwa hati ya kifo ya mdogo wake, ya juzi. Ile ya kumwachia ilikuwa chini yake.

"Pole, fundi," karani akasema. "Hatukujua tukuambieje."

 Fundi akaisogeza karatasi ya pili mbele ya karani.

"Gonga na hii."

"Ya nini tena?"

"Nimpelekee mkewe. Yuko langoni, amekuja na shati lake la kubadilisha."