Hii Ukiitoa Kwenye Hii

Mwalimu Julieth alipohamia Sekondari ya Kaze Juu, pembezoni mwa Gongoni, alikabidhiwa Kidato cha Pili B chenye wanafunzi sabini na wanne, boksi la chaki, na maelekezo mafupi kutoka kwa mwalimu wa taaluma, Mwalimu Mabruki.

"Hao watatu wa dawati la mbele hawaoni," alimwambia. "Masomo mengine wanasoma pamoja na wenzao. Kipindi chako wanatoka, wanakwenda kitengoni. Wewe endelea na kazi. Ndivyo tulivyozoea."

Julieth alishukuru kimoyomoyo. Alikuwa amefundisha hesabu miaka kumi na mmoja kule Urambo na hakuwahi kuwa na mwanafunzi asiyeona. Hakujua angeanzia wapi, na hapakuwa na mtu aliyemtaka aanze.

Wiki mbili mambo yakaenda hivyo. Kengele ikilia, wale watatu walisimama, wakashikana mabega, wakatoka taratibu kuelekea kitengo cha elimu maalumu, chumba kilichokuwa nyuma ya maktaba. Jumatatu ya wiki ya tatu walitoka wawili. Msichana mmoja mrefu aitwaye Kulwa alibaki ameketi, mikono juu ya dawati.

"Kulwa, unaruhusiwa kwenda," Julieth alimwambia.

"Najua, mwalimu. Nitakaa."

"Utakaa ufanye nini?"

"Nisikilize."

Darasa likacheka kidogo. Julieth akaona si jambo la kubishania mbele za watu, akageukia ubao. Kipindi kizima alisikia nyuma yake mlio mwembamba, kama kuku anayedonoa mahindi juu ya bati. Kulwa alikuwa ameweka karatasi ngumu kwenye kibao chake cha chuma na anaitoboa kwa kisindano, nukta moja baada ya nyingine. Jumatano alibaki tena. Ijumaa vilevile.

Ijumaa hiyo baada ya chakula cha mchana, Mwalimu Marko alimwita Julieth kitengoni. Marko ndiye aliyekuwa mkuu wa kitengo, mtu wa makamo, mtulivu, ambaye naye hakuwa akiona tangu kuzaliwa. Alikuwa na karatasi nne mezani, vidole vyake vimelala juu ya ile ya kwanza.

"Huyu mtoto ameniletea maandishi ya kipindi chako nimweleweshe," alisema. "Nimeyasoma mara tatu. Labda wewe utanisaidia."

Akaanza kusoma kwa vidole, sauti yake haipandi wala haishuki.

"Sasa angalieni hapa. Hii ukiitoa kwenye hii, unabaki na hii. Halafu hii unaileta huku, alama yake inabadilika, inakuwa ile. Mmeona? Kwa hiyo jibu letu ni hili." Akainua vidole. "Inaendelea hivyo mpaka mwisho. Kuna mahali umesema saba, nikafurahi."

Hakusema kwa dhihaka, na hilo ndilo lililomchoma Julieth zaidi. Kule Urambo walimsifu kwa kueleza vizuri. Wazazi walikuwa wakiomba watoto wao wapangwe darasa lake. Sasa alikuwa akisikia somo lake mwenyewe likisomwa kama lilivyotoka mdomoni, na ndani yake hamna kitu.

"Mbona hakuniuliza?"

"Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema akiuliza ataambiwa atoke."

Julieth akaomba Kulwa aitwe. Alikuja akipapasa ukuta kwa nyuma ya kiganja, akaamkia, akaketi. Alikuwa mtoto wa mkulima wa Kwihara, na hakuzaliwa hivyo. Presha ya macho ilianza kumla akiwa darasa la nne, na alipomaliza la tano hakuwa anaona hata mwanga wa dirisha.

"Hadi la tano nilikuwa wa kwanza kwenye hesabu," alisema. "Namba bado nazikumbuka sura zake. Nane nilikuwa naiandika kwa viduara viwili, mwalimu ananigombeza."

"Kwa hiyo unataka kufanya mtihani wa hesabu?"

"Nataka kuijua, mwalimu. Mtihani utakuja wenyewe."

Marko alicheka kwa pua. "Mimi nilisamehewa hesabu nikiwa na umri kama wake," alimwambia Julieth. "Nilifurahi siku ile. Leo nina watoto wanne, na mmoja akiniuliza hesabu za sehemu nasema kamwulize mama yako. Hata alama za hesabu kwa nukta nundu sizijui zote. Kitabu chake kipo hapo kabatini. Itabidi tujifunze wote."

Wakajifunza. Marko na Kulwa walikaa na kile kitabu kila jioni kabla ya chakula cha bweni, na Julieth naye akaanza kujifunza kusema. Hakuwa amejua kwamba nako ni kazi. Aligundua kwamba mkono wake ukianza kuonyesha kitu ubaoni, mdomo unalala. Akamwomba Sikuzani, msichana aliyekaa karibu na Kulwa, agonge dawati kila atakapomsikia mwalimu anasema "hii" au "ile" bila kutaja jina la kitu.

Siku ya kwanza Sikuzani aligonga mara ishirini na sita. Darasa liliona raha isiyo kifani. Julieth alirudi ofisini akitokwa jasho, lakini kesho yake akaanza upya: "Tatu eksi, ondoa tano, ni sawa na kumi na sita. Tunajumlisha tano pande zote mbili. Upande wa kushoto inabaki tatu eksi. Upande wa kulia, ishirini na moja." Kulwa akajibu kabla ya wote kwamba eksi ni saba. Baada ya wiki tatu dawati lilikuwa likigongwa mara moja au mbili, na wanafunzi wa nyuma kabisa, ambao Julieth alidhani ni wavivu, walianza kunyoosha mikono. Walikuwa mbali na ubao. Nao kumbe walikuwa hawaioni hiyo "hii".

Milinganyo ikapita. Zikaja grafu, na hapo maneno yakakoma kusaidia. Julieth akaenda Kanyenye kwa fundi seremala Twalibu, mzee ambaye babu yake naye alichonga milango mjini humo, akamweleza anataka ubao wa upana wa dawati wenye misumari kumi na moja kwenda na kumi na moja kushuka, yote ikiachana sawasawa.

"Misumari mia na ishirini na moja," Twalibu alisema. "Unataka kumkalisha nani juu yake, mwalimu?"

Alipoelezwa, alichukua kipimo akaanza kazi. Siku tatu baadaye Julieth alimkuta amefumba macho, anapitisha viganja juu ya ubao na kutafuta vichwa vya misumari vyenye makali, kila akikipata anakipiga tupa. Msumari wa katikati alikuwa ameutia kichwa kikubwa cha skrubu. "Mtu lazima ajue nyumbani ni wapi," alisema, "ndipo ahesabu hatua za kwenda kwa jirani."

Rababendi za kuwa mistari Julieth alizipata dukani kwa Dhara, mama wa Kihindi aliyeuza vifaa vya ofisi upande mmoja na vifaa vya ushonaji upande wa pili. Dhara alitaka kujua za kazi gani. Alipoambiwa, akaingia nyuma ya kaunta, akatoka na kigurudumu chenye meno ambacho mafundi cherehani hukitumia kuhamishia alama za mshono, akakiviringisha juu ya karatasi iliyolazwa kwenye kitambaa kinene. Akaigeuza. Upande wa pili palikuwa na mstari wa vinundu.

"Pembetatu zako chora na hiki," alisema.

Mtihani wa nusu muhula ulipofika, Marko alichapa maswali kwa nukta nundu, Kulwa akajibu kwenye kibao chake, Marko akamsomea Julieth majibu, naye akasahihisha. Kulwa alipata kumi na moja kwa mia.

Mwalimu Mabruki aliiweka karatasi ya matokeo mbele ya Julieth. "Kidato cha Pili A wako mada ya sita, wewe uko ya nne. Na huyu umempa F ambayo mwaka jana hakuwa nayo. Uamuzi wa nani ataandikishwa hesabu kwenye mtihani wa taifa ni wangu na mzazi. Nimemwita mama yake."

Mama Kulwa alikuja Alhamisi, amejifunga vitenge viwili, vumbi la njia ya Kwihara limempanda hadi magotini.

"Shikamoo mama," Julieth alimsalimu.

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia binti yangu amepewa kumi na moja. Masomo mengine ana hamsini, ana sitini. Hili alilosamehewa mnamrudishia la nini? Mzigo uliokwisha kutuliwa, nani anaubeba tena?"

Julieth alitaka kueleza habari za ubao na misumari, akaona atakuwa anajisifia. Kulwa ndiye aliyezungumza. Alisema na mama yake kwa Kinyamwezi, kwa muda mrefu, bila kupandisha sauti. Mama alisikiliza anatazama sakafu.

"Anasemaje?" Mabruki, ambaye kwao ni Tanga, aliuliza.

"Anasema kumi na moja ni nyingi kuliko sifuri. Anasema mwaka jana saa ya hesabu alikuwa akikaa huko nyuma anasuka wenzake nywele." Mama akamgeukia Julieth. "Basi afundishwe. Ila msimpe kitu kwa huruma. Huruma tunayo ya kutosha nyumbani."

Mabruki akasema watangoja mtihani wa Juni. Akifikisha thelathini, alama ya kufaulu, ataandikishwa. Asipofikisha, atarudi kitengoni na hakuna atakayelaumiwa.

Juni alipata ishirini na nane.

Julieth alisahihisha mara mbili. Zilikuwa ishirini na nane. Mbili zilikosekana, naye kalamu nyekundu anayo mkononi, na hakuna mtu ambaye angejua. Aliiandika ishirini na nane kama ilivyo, akaipeleka kwa Mabruki, akarudi nyumbani hana hamu ya kula.

Asubuhi Kulwa alimngojea mlangoni mwa ofisi. Hakuwa analia. Alikuwa amekasirika.

"Mwalimu, swali la kumi lina alama sita. Umenipa mbili."

"Hukulimaliza, Kulwa. Uliishia katikati."

"Nililimaliza. Karatasi ilijaa, nikaendelea kwenye ya pili. Karatasi ya pili iko wapi?"

Julieth akamtazama, kisha akamshika mkono wakaenda kitengoni. Marko alisikiliza, uso ukambadilika. Akavuta trei zote za mitihani, akaanza kupapasa rundo moja baada ya jingine. Aliikuta katikati ya majibu ya jiografia: karatasi moja yenye mistari minne, haina jina wala namba.

"Kosa ni langu," alisema. Akaisoma.

Julieth aliandika neno kwa neno. Njia ilikuwa sahihi. Mstari wa mwisho kabisa Kulwa alisahau alama ya kutoa. Julieth alisita, akampa tano badala ya sita.

"Umesahau alama ya kutoa mwishoni," alimwambia.

Kulwa akafikiri, midomo yake inahesabu. "Kweli," alisema. "Basi thelathini na moja."

Mabruki alipoletewa habari hakukubali papo hapo. Alikwenda mwenyewe kitengoni, akaagiza Marko asome upya mbele yake, akahesabu alama kwa kidole. Aliporidhika akauliza swali ambalo hata Julieth hakuwa amelifikiria.

"Na hawa wengine? Karatasi ngapi zimepotelea kwenye trei hizi?"

Kazi hiyo ilichukua siku mbili, shule nzima imeshafungwa. Walipata karatasi tisa. Tatu zilikuwa za historia za Majidi, mmoja wa wale wawili waliokuwa wakitoka kipindi cha hesabu, zikampandisha kutoka hamsini na mbili hadi sabini. Mabruki akaandika barua kwa wazazi kwa mkono wake, na akatoa agizo kwamba kuanzia muhula ujao kila karatasi ya nukta nundu itiwe namba yake mara mbili, kwa nukta za kuguswa na kwa kalamu, kabla mwanafunzi hajainuka kwenye kiti.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, Julieth alimwuliza Majidi kama naye angependa kubaki.

"Hapana, mwalimu," Majidi alisema kwa adabu. "Mimi historia inanitosha."

Akashika bega la mwenzake wakatoka. Kulwa alikuwa ameshaweka karatasi kwenye kibao. Juu yake, kwenye pembe, alikuwa ameandika namba moja.