Shavu la Zahabia

"Sikuona kwa macho, nimeonja kwa ulimi!" Bibi Dorotea alifoka, beseni la samaki kiunoni. "Sato wangu wa chumvi wametoweka kichanjani, na shavu la mwanao ni chumvi tupu. Mwizi ndiye huyo!"

Zeenat, jirani yake wa mlango wa pili hapa mtaani Pasiansi, alimvutia binti yake Zahabia nyuma yake. "Bibi, mtoto kakupa shikamoo, wewe ukamlamba?"

"Nilimbusu! Kubusu na kulamba ni mkoa mmoja, wilaya tofauti. Na mwizi hali kwangu leo."

Hapo ndipo palipouma. Mjukuu wa bibi, Winnie, alipata komunyo ya kwanza asubuhi ile, pilau lilishapaliwa makaa, na Zahabia, shoga yake wa kufa na kuzikana, alikuwa na gauni jipya mwilini tangu alfajiri. Machozi yalishaanza.

"Hajaiba," Zeenat akasema. "Ni ugonjwa. Kazaliwa na chumvi hiyo."

"Kazaliwa Uvinza, kwenye machimbo ya chumvi?"

Sisi majirani tukacheka, Mungu atusamehe. Zeenat akanyoosha kidole kwenye beseni. "Hao uliowapaka chumvi asubuhi, maji hayo chini yao umewatilia wewe?"

"Niwatilie ya nini? Chumvi ikikaa juu, maji ya samaki yanaifuata yenyewe."

"Basi na kifuani ni hivyo hivyo. Mapafu yana vijimlango vya kutoa chumvi. Maji yanaifuata, makohozi yanalainika. Vya Zahabia havifunguki. Chumvi inabaki ndani, maji yanabaki nayo, makohozi yananata kama mlenda wa juzi."

Bibi Dorotea akatugeukia kama wakili. "Mmemsikia? Chumvi haitoki! Sasa shavuni imefikaje?"

"Kwenye jasho mlango ule ule kazi yake ni kuirudisha ndani. Haufunguki, chumvi imebaki nje."

"Yaani kifuani imefungiwa ndani, usoni imefungiwa nje?"

"Ndiyo, bibi."

"Nyumba ya hivyo mimi ningeshahama," akasema Kashindye muuza vitumbua. "Na kile kipigo cha mgongoni unachompa mtoto kila asubuhi? Tulitaka kukupeleka kwa mwenyekiti wa mtaa."

"Namgongagonga makohozi yatoke, jamani!"

Kashindye akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Haya, shavu nimelielewa," Bibi Dorotea akasema, sauti imeshuka kidogo. "Sato wangu je?"

Pwaa! Mkia wa samaki ukaanguka kutoka juu, ukatua kwenye mfuniko wa pilau. Tukainua macho. Juu ya bati alisimama kongoti, lile dege refu la jalalani, koo limetuna kama kapu la sokoni, anatutazama kama baba mwenye nyumba.

Zahabia akakohoa, akafuta machozi. "Bibi, mbusu na huyo."

Uwanja mzima ukalala chini kwa kicheko. Bibi Dorotea akarusha ndala. Kongoti hakujisumbua hata kupepesa. Ndipo bibi akamvuta Zahabia, akambusu shavu la pili, akalamba midomo yake.

"Na hili pia chumvi," akanong'ona. "Mama yake, huyu anaruhusiwa kula nini?"

"Kila kitu, akishameza vidonge vyake vya kusagia chakula tumboni. Na chumvi aongezewe, maana jasho linaimaliza."

"Aongezewe?" Uso wa bibi ukang'aa. Akachukua mwiko wa pilau, akatunyooshea mmoja mmoja. "Miaka yote mnanisema mkono wangu mzito wa chumvi! Leo nimempata mgeni wangu. Meza vidonge, mjukuu wangu. Winnie, msogezee mwenzio mkeka! Karibu ndani, mama, karibuni mle."