Ndama wa Teodora

Mhoja alipopunguzwa kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, alirudi kwao Kisesa akanunua ng'ombe chotara mwenye mimba. "Akizaa jike," alimwambia mkewe, Teodora, "nakupa wewe."

Akazaa jike, jekundu, na Teodora akakaa zizini mpaka akahakikisha ndama amenyonya dang'a, yale maziwa ya kwanza, na kusimama vizuri.

Miaka ile biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, kila mtu anauza alichonacho. Mama Zeenat, Mhindi mwenye mgahawa wa chai mjini Mwanza, alikubali kuchukua maziwa kila asubuhi. Tangu hapo Mhoja alikamua mpaka kiwele kikalegea. Ndama aliachiwa anyonye kidogo tu, maziwa yashuke, kisha akafungwa kamba pembeni na kupewa uji wa pumba.

"Baba Gladness, mwachie hata chuchu moja," Teodora alimsihi. "Mbavu zimemtoka."

"Nikipunguza, yule mama atatafuta mtu mwingine. Wauzaji wamejaa."

Josho la kijiji la kuogeshea ng'ombe lilikuwa limekauka. Dawa ya serikali haikuletwa tena, na ya dukani Mhoja aliahirisha kuinunua. Kupe wakajaa masikioni mwa ndama. Mvua zilipoanza akashikwa na homa, tezi zikavimba. Mhoja akapanda baiskeli kumfuata Chenge, bwana mifugo. Chenge alimdunga ndama sindano, akampapasa mgongo.

"Atapona?" Teodora aliuliza.

"Ni ndigana, mama, homa ya kupe. Na huyu hana nguvu za kupambana nayo."

Alikufa kesho yake mchana, kichwa kikiwa mapajani mwa Teodora. Teodora hakumlaumu mumewe. Alivua kanga iliyolowa mate ya ndama, akaenda kuifua. Mhoja angependa afokewe.

Ng'ombe naye, bila ndama, akagoma kushusha maziwa. Mhoja akaenda mjini mikono mitupu.

"Shikamoo, mama. Maziwa hakuna tena. Ndama amekufa."

"Marahaba. Pole sana. Alikuwa bado ananyonya?"

"Ndiyo."

Mama Zeenat akaweka birika chini. "Sasa mbona hukuniambia? Ungeniletea nusu tu, ukaongeza akishakua. Ningekungoja."

Mhoja aliikokota baiskeli njia nzima hadi Kisesa, hakuwa na moyo wa kuipanda.

Ng'ombe alipozaa tena, alizaa dume. Safari hii Mhoja alimwacha ndama anyonye ashibe, akamtandikia nyasi kavu, akamnyunyizia dawa ya kupe mwenyewe. Ndama akanawiri, majirani wakawa wanapita kumtazama.

"Mama Gladness, njoo umwone!" Mhoja aliita.

Teodora akaja, akampapasa shingoni.

"Amenenepa," alisema. Akarudi jikoni.

Mhoja akabaki ameshika kamba. Neno la kuomba radhi lilikuwa limemfika kooni, kama ilivyokuwa mara nyingi mwaka ule. Akasikia Teodora akichekecha unga ndani, lakini hakumfuata.